Sura ya Tisa: Ubao wa Mbele na Ubao wa Nyuma

Asubuhi ile ya Jumamosi Povu alivaa blauzi ya njano aliyoipiga pasi mwenyewe mara mbili, na bado alipofika mlangoni mwa darasa alijiona kama shuka lililokunjamana. Nyuma yake alikuja baba yake, mwenye duka la dobi, amevaa koti analolitoa kabatini kwa harusi na kwa miadi ya benki tu. Nyuma ya baba alikuja shangazi, ambaye hakualikwa na mtu, ila alisema hawezi kubaki akipiga pasi wakati maisha ya watu yanaamuliwa kwa chaki.

"Siku hizi si chaki, shangazi," Povu alimnong'oneza. "Ni kalamu ya ubao."

"Hata ingekuwa mkaa. Nimeshavaa viatu."

Jina la Povu alilipata humu humu darasani, siku alipojitambulisha kwamba kwao wanafua nguo. Chuo kikuu kilikuwa kinafungua milango Jumamosi kwa watu wenye kazi zao, na somo lililowakusanya liliitwa Mbinu za Kihesabu katika Maamuzi ya Biashara. Mwanzoni aliliogopa. Alidhani ni somo la kumfanya mtu ajione mjinga kwa utaratibu. Lakini wiki zilipopita akagundua jambo lililomfurahisha hata akakosa usingizi: yale mambo ambayo nyumbani huamuliwa na mwenye sauti kubwa, hapa yanaweza kuchorwa, yakapimwa, yakajadiliwa bila mtu kugonga meza.

Walifundishwa kuchora mti wa maamuzi. Palipo na mraba, unachagua wewe. Palipo na duara, inachagua dunia, nawe unakadiria tu uwezekano.

Na mwenzake wa kuchora naye alikuwa Fundi Mizani.

Huyu alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyezunguka masokoni na madukani akirekebisha mizani za wauza nyama, wauza misumari na wauza dhahabu. Mwalimu aliwapanga pamoja kwa sababu siku ya kwanza walikuwa wamekaa dawati moja, basi. Kukaa dawati moja kukazaa kunywa chai pamoja, chai ikazaa kusindikizana hadi kituoni, na jioni moja kituoni Fundi akasema, akitazama viatu vyake, "Nilidhani wewe ni mraba. Kumbe ni duara."

"Maana yake?"

"Maana yake sikuchagua. Imenitokea tu."

Povu alicheka njia nzima hadi nyumbani. Alipofika alimkuta baba akimsubiri sebuleni. "Yule kijana wa begi la nati na skrubu," baba alisema, "fanya naye hesabu. Kucheka si sehemu ya hesabu."

Sasa kazi ya mwisho wa somo ilitaka kila jozi ichukue uamuzi wa biashara ya kweli. Povu alichukua wa baba yake: afungue duka la pili katika mji wa mahoteli, mwendo wa kutwa nzima kutoka hapa, au abaki na hili moja? Baba alifurahi kupita kiasi. Akatangaza mezani, mbele ya wote, "Mti ukisema fungua, nafungua. Na atakayekwenda kulisimamia ni wewe mwanangu. Nani mwingine?"

Tangu siku hiyo kila mstari Povu aliouchora aliuona kama barabara inayomtoa kwa Fundi.

* * *

Fundi Mizani alisimama mlangoni mwa darasa. Alipowaona akanyoosha kola.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," baba alisema. "Wewe ndiye unayemsaidia binti yangu?"

"Tunasaidiana, mzee."

"Msaidiane kwa umbali."

Shangazi alimtazama Fundi kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia kaka yake. "Mbona ni kijana wa kawaida tu? Kwa nilivyosikia nyumbani nilidhani ana pembe."

Walipokwisha kukaa, Povu alipanda mbele. Alijikwaa kwenye sentensi ya kwanza tu, halafu kazi yenyewe ikamshika mkono. Alieleza gharama za mashine, maji, sabuni na kodi. Alieleza nini kitatokea hoteli zikileta nguo za kutosha, na nini kitatokea zisipoleta. Mti wao ulitandaa ubao mzima, safi, kila tawi na namba yake. Baba alikuwa ameinama mbele kwenye kiti kama mtu anayetazama mpira. Pengo lilikuwa moja tu: ndani ya duara, ule uwezekano wa hoteli kuleta nguo za kutosha mwaka wa kwanza.

Pengo hilo lilikuwa desturi ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alikataza kabisa namba hiyo isijadiliwe nyumbani. "Watu wawili wanaoongea sana," alizoea kusema, "huishia kuwa mtu mmoja anayejiamini sana." Kwa hiyo siku ya kuwasilisha, mmoja huandika makadirio yake ubao wa mbele, mwingine ubao wa nyuma, wamepeana migongo, darasa likiwa katikati. Kisha huchukuliwa wastani.

"Shikeni kalamu," Mwalimu alisema. "Andikeni."

Povu aliijua namba yake. Alikwenda yeye na Fundi kuzungumza na wasimamizi wa usafi katika mahoteli yale, akaona malundo ya mashuka, akasikia malalamiko yao. Sitini na tano kwa mia, au karibu na hapo. Aliijua kama anavyojua joto la pasi kwa kuisogeza karibu na shavu.

Mkono wake ukaandika arobaini na tano.

Nyuma yake darasa lililipuka.

"Lahaula!" alipiga kelele muuza matairi aliyekaa safu ya kati, akigeuza shingo mbele na nyuma. "Mmoja yuko msibani, mwenzake yuko harusini!"

Povu aligeuka. Kule mwisho wa chumba, Fundi Mizani naye alikuwa anageuka, na kando ya bega lake, kwa wino mwekundu, palisomeka themanini na tano.

Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu. Povu alihisi masikio yakiwaka. Themanini na tano! Huyu aliyesema imemtokea tu, sasa anamsukuma aondoke kwa mikono miwili, mbele ya kadamnasi.

"Wastani ni sitini na tano," Mwalimu alisema taratibu, akivaa miwani. "Na kwa sitini na tano, mti unasema fungua. Lakini siwezi kupokea pengo pana namna hii bila maelezo. Tupumzike, tunywe chai. Mkirudi kila mmoja atatetea namba yake."

* * *

Fundi alimkuta kwenye kona ya ngazi, karibu na dirisha, akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia ubao.

"Themanini na tano," Povu alisema bila kumtazama.

"Povu, nisikilize..."

"Ungeandika mia moja kabisa. Ungenifungia na mizigo, ukanikatia na tiketi."

"Na wewe arobaini na tano umeitoa wapi?"

"Usibadilishe mazungumzo."

"Ndiyo mazungumzo yenyewe. Mahoteli tulikwenda wote. Yule mama wa hoteli ya kona alikuomba namba ya simu kabla hujamaliza salamu. Kazi hii unaijua kuliko mimi. Arobaini na tano, Povu?"

Povu alikikunja tena kitambaa. Chini ya dirisha watu wa darasa jingine walikuwa wakicheka, wakipita na vikombe vyao vya karatasi.

"Umeipunguza," Fundi alisema. Hakuwa akishtaki. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefungua sanduku akakuta zawadi. "Uliipunguza makusudi."

"Na wewe umeiongeza!"

"Nimeiongeza, ndiyo."

"Basi tumemaliza. Kama umenichoka ungesema kule kituoni, tuko wawili. Si lazima uandike kwa wino mwekundu baba yangu asome."

Alitaka kushuka ngazi. Fundi hakumshika, alisogea tu pembeni kumpisha, na upole huo ndio uliomfanya Povu asimame.

"Jana nilikuwa buchani," Fundi alisema, "nafunga mizani ya muuza nyama. Mkono unafanya kazi, kichwa kinatafuta namba. Nikaanza na sabini. Nikiifikiria tena, sitini. Nikiifikiria tena, hamsini. Kila nikiitazama inashuka. Nikajiuliza, wewe fundi, hoteli zimepungua usiku huu? Hazikupungua. Kumbe mkono wako umeegemea sahani. Sasa mimi kazi yangu ni hiyo. Nikijua mizani imelala upande wangu kwa sababu nimeiegemea, naweka jiwe upande wa pili. Nikaweka. Nikahisi halitoshi, nikaongeza jingine. Ndiyo nikafika themanini na tano."

Povu aligeuka polepole.

"Kwa nini ilikuwa inashuka?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Povu, watu wanapita."

"Wapite. Sema."

Fundi alitazama viatu vyake. "Kwa sababu sitaki uende. Sitaki hata uende sokoni nikiwa sipo. Lakini yule ni baba yako na lile ni jasho lake, nami siwezi kumpunja mtu ili nibaki na binti yake."

Povu alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, akayafuta kwa kile kitambaa cha ubao, akabaki na wino wa bluu shavuni. Fundi alinyoosha kidole kuufuta, akakirudisha njiani, akakinyoosha tena. Kilipogusa shavu wote wawili walisahau kupumua.

"Fundi hodari namna hii," Povu alisema, "unazidisha jiwe?"

"Sahani ilikuwa nzito upande wangu. Nifanyeje?"

Kengele ya kurudi darasani ililia. Povu alishtuka.

"Tutasema nini? Wastani umetoka sawasawa, Fundi. Tuseme tulikuwa na mitazamo tofauti, tufaulu, twende zetu."

"Umetoka sawa kwa bahati. Wewe umevuta chini, mimi nimevuta juu."

"Nikisema ukweli, baba ananitoa chuo leo hii. Unamjua."

"Basi nitasema mimi peke yangu."

Povu alimtazama kijana huyu aliyekuwa tayari kumpoteza kwa haki kuliko kumpata kwa hila, na woga wake wote ukageuka kitu kingine, kitu chepesi, kama mvuke wa pasi.

"Hapana," alisema. "Ubao wa mbele ulikuwa wangu."

* * *

"Arobaini na tano si makadirio yangu," Povu aliliambia darasa. "Nilichokiamini ni sitini na tano. Nilipunguza."

Hata viti viliacha kulia.

"Jambo hilo lina jina," Mwalimu alisema. "Ni upendeleo. Mkadiriaji anapotaka jibu fulani, namba inamfuata anakotaka. Na wewe ulitaka jibu gani?"

"Nilitaka mti useme tusifungue. Ili nisihame."

"Kuna nini hapa kisichohamishika?"

Povu alimtazama baba yake usoni. Sauti ilitoka wima.

"Yuko ubao wa nyuma, Mwalimu."

Muuza matairi alipiga dawati kwa viganja vyote viwili. Wanawake wa safu ya dirishani walipiga vigelegele mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Kule nyuma Fundi Mizani alisimama, begi lake la vyuma likaanguka kwa kishindo.

"Na mimi yangu niliipandisha, Mwalimu," alisema. "Kwa sababu hiyo hiyo."

"Kwa sababu hiyo hiyo ukaipandisha?"

"Niliogopa nitaishusha."

Mwalimu alivua miwani, akacheka hadi ikambidi akae. Aliyekuwa hacheki ni baba. Alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Nimekuja kusikia hesabu," alisema, "nikasikia posa. Sasa mimi nifuate namba gani? Ya mtoro au ya muungwana?"

"Swali hilo binti yako anaweza kulijibu, mzee," Mwalimu alisema. "Povu, mwoneshe baba jibu linageuka wapi."

Povu alichukua kalamu. Hapa ndipo aliposahau watu wote. Alishusha ule uwezekano hatua kwa hatua, akipiga hesabu upya kila safari, na kila safari mti ukasema fungua. Hamsini, fungua. Arobaini, fungua. Ni mpaka aliposhuka chini ya thelathini ndipo duka moja lilipoanza kushinda maduka mawili. Alibaki ameshika kalamu hewani. Hata namba yake ya hila ilisema fungua. Alikuwa amedanganya bure, na sasa kwa mkono wake mwenyewe, kwa hesabu safi isiyo na mawaa, alikuwa amejikatia safari.

"Basi limekwisha," baba alisema, na kwa mara ya kwanza kidevu chake kililegea kwa fahari. "Kazi nzuri sana, mwanangu. Tunafungua. Na wewe unakwenda."

Fundi Mizani aliinama kuokota begi. Povu aliona kisogo chake, aliona jinsi kilivyokawia kuinuka. Akaugeukia mti. Aliutazama kama anavyolitazama shati kwenye mwanga kutafuta doa, kutoka mizizi hadi ncha, mraba kwa mraba.

Halafu akaona.

"Baba," alisema, "hilo la mwisho halimo."

"Lipi halimo?"

"La kwamba ninakwenda mimi. Tuliliandika huku juu tangu siku ya kwanza kama jambo lililokwisha, kwa sababu ulilisema wewe. Hatukulichorea mraba." Kalamu ilikuwa tayari inalia ubaoni. "Nani asimamie? Hapa inachaguliwa, haitokei tu. Tawi la kwanza ni mimi. La pili..."

Hakuwa na la pili. Alisimama amenyanyua mkono, na darasa zima likaukodolea macho mstari ule mtupu.

"Na mimi mnaniweka wapi?" shangazi aliuliza.

Baba aligeuka. "Wewe?"

"Mimi. Nani anafungua duka asubuhi? Nani alimrudisha yule mteja wa mapazia uliyemfukuza?"

"Lakini wewe ni wa pasi."

"Wa pasi! Tangu tukiwa watoto mimi ni wa pasi. Kaka, nimechoka kuambiwa maji yamechemka na mtu niliyemchemshia. Nipeleke kule kwenye mahoteli, nami nikapige kelele kwangu."

"Hukuniambia hata siku moja!"

"Hukuniuliza. Umekwenda kuuliza mti."

Darasa lilisimama kumpigia makofi. Shangazi alipokea heshima hiyo kwa kupunga mkoba. Povu aliandika *shangazi* kwenye tawi la pili kwa herufi kubwa, na baba akaketi kama mtu aliyevutiwa kiti wakati mwafaka.

"Mwalimu," alisema, akiutazama ubao, "haya nayo yamo kwenye somo?"

"Ndiyo somo lenyewe, mzee."

* * *

Walipotoka, jua lilikuwa limejaa ukumbini. Baba alitangulia, akasimama, akamsubiri Fundi Mizani amfikie.

"Ile themanini na tano," alisema. "Ulijua ikishinda utampoteza?"

"Nilijua, mzee."

"Na ukaiandika."

"Ningeandika chini yake ningekuibia."

Baba alimtazama muda mrefu, namna anavyomtazama mteja aliyerudi mwenyewe kusema amechukua shati lisilo lake. "Mizani yangu ya kupimia nguo inanisumbua," alisema hatimaye. "Uje kesho uitazame."

"Nitakuja, mzee. Nitabeba vyuma vyangu."

"Beba. Na uje na mtu mzima wa kwenu." Akakohoa, akatazama pengine, akashuka ngazi.

Shangazi alibaki nyuma kidogo, akamsogelea Fundi. "Umeelewa, au nikuchoree mti? Mizani haitengenezwi na wazee. Huyo mtu mzima ni wa mazungumzo. Mwambie avae vizuri, kaka yangu anatazama kola." Naye akashuka, viatu vyake vikigonga ngazi kama mtu anayekwenda kwenye duka lake.

Walibaki wawili kwenye ile kona ya dirisha. Povu bado alikuwa na alama ya wino wa bluu shavuni, na vidole vyake, bila yeye kuviagiza, vilikuwa tayari ndani ya vidole vya Fundi.

"Unadhani kesho atakubali?" aliuliza. "Nipe asilimia."

"Siruhusiwi kukadiria," Fundi alisema. "Mkono wangu uko kwenye sahani."

"Na wangu," Povu alisema, na hakuuondoa.